Kibaraza Kilichoahidiwa Mara Mbili

Jumamosi, 2 Machi

Mvua za kwanza zimeingia leo, na mimi nimeanza kuandika humu kwa sababu nyumba hii kwa sasa haina mtu wa kuzungumza naye bila ugomvi.

Niyaweke mambo yalivyo, nikija kuyasoma nisijidanganye. Kiwanda cha soda kilipofungwa mwaka jana, mimi fundi umeme wake nilirudi nyumbani na kasha la bisibisi, king'ora cha zamu na mikono isiyojua kukaa bure. Wenzangu waliagwa kwa saa za ukutani. Mimi nilipoulizwa nataka nini, nikaomba king'ora. Mtu mzima mwenye akili zake angeomba saa.

Watoto wameshaondoka. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu, yuko barabarani zaidi kuliko kitandani. Nikamwomba kibaraza cha nyuma nijenge bustani ya maji: mboga zinazoota ndani ya mabomba bila udongo, pampu inajiwasha na kujizima, kila kitu kinajiendesha kama mikanda ya chupa ilivyojiendesha zamani nikiwa macho. Akasema, "Chukua, mama watoto. Kibaraza ni chako."

Wiki hiyo hiyo, bila kupepesa kope, akampigia simu dada yake mkubwa: "Njoo, dada. Tutakizungushia ukuta kibaraza cha nyuma, kiwe chumba chako." Halafu akapanda lori akaenda zake. Atarudi mvua zikiisha.

Wifi yangu kafika jana na masanduku. Ni matroni mstaafu wa wodi ya upasuaji, goti lake la kushoto limefanyiwa operesheni majuzi. Anasema atakaa wiki mbili tu, nyumba ya mwanawe inapakwa rangi. Mtu wa wiki mbili hasafiri na cherehani.

Tulimpigia simu mume wangu, mhusika mwenyewe, tumekaa pande mbili za meza. Akakohoa. "Ninyi ni watu wazima, mtaelewana. Nitakachokikuta hapo nikirudi, hicho hicho."

Basi mashindano yameanza.


Jumapili, 3 Machi

Mvua. Wifi kasema chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe. Kanywa vikombe vitatu.


Jumanne, 5 Machi

Nimenunua mabomba meupe ya plastiki, yale mapana, na pampu ya tangi la samaki. Nimeanza kuyatoboa matundu kwa drili. Kila tundu litashika kikombe kidogo, kwenye kikombe sponji, kwenye sponji mbegu ya letusi. Maji yenye chakula yanapita chini, mizizi inajichotea.

Wifi alishuka ngazi za kutoka jikoni hadi kibarazani kwa mkongojo, akasimama juu ya kichwa changu.

"Sasa hizo ni mboga au ni choo?"

"Mboga, wifi."

"Mimi naona bomba la choo."

"Likiisha nitakuwekea letusi kwenye sahani, utaona tofauti."

"Nimekula chakula cha wodini miaka yote, sijafa. Nitajaribu na hicho."

Kisha akafunga kamba ya nguo kutoka nguzo hadi nguzo, katikati kabisa ya mabomba yangu, akaanika mashuka sita. Mvua inanyesha, yeye anaanika mashuka. Nikatoboa matundu nikiwa nimefunikwa na shuka kama maiti.


Jumamosi, 9 Machi

Wifi kaleta fundi mwashi. Mtu mpole, mwembamba, anazungumza na matofali yake. Yameshushwa upande wa kushoto wa kibaraza, mabomba yangu yako kulia, na katikati kuna njia ya mtu mmoja apitaye kiubavu.

Nilimuuliza fundi kama anajua kuwa kibaraza hiki kina mwenyewe.

"Dada," akasema, "mimi nimeambiwa na mama wa mkongojo. Wewe huna mkongojo, lakini sura yako nayo si ya kuchezea. Naomba mnipe siku za kufikiri."

"Fikiri ukiwa unachanganya zege," wifi akamwambia kutoka dirishani.


Jumapili, 10 Machi

Nimehesabu matofali yake. Nina aibu kuandika kwamba nimeyahesabu.


Alhamisi, 14 Machi

Inafanya kazi. Leo sitanii.

Binti yetu alinitumia kwa posta kadi ndogo ya kompyuta, kubwa kama kiberiti. Nimeiunga na rilei, swichi za umeme za zamani za kiwandani, boya la kupimia maji, kifaa cha kupimia chumvichumvi na taa mbili za zambarau. Pampu inawaka robo saa, inapumzika. Maji yakipungua tangini, valvu inafunguka. Simu yangu inapata ujumbe: *Maji yanatosha. Joto la kawaida.* Niliusoma mara nyingi. Tangu kiwanda kifungwe hakuna kitu kilichokuwa kinaniripoti.

Kadi inategemea intaneti ya nyumbani, kwa hiyo nyumba hii sasa ina waifai na wifi, na zote mbili zinakatika zikijisikia.

Wifi aliangalia mbegu chini ya taa ya zambarau. "Umezilaza wodi gani?"

"Hazijambo. Hizo ni za kawaida."

"Ziko kwenye dripu, mchana kutwa taa usoni, halafu unaniambia ni za kawaida. Mgonjwa wa namna hii mimi nilikuwa namwitia ndugu zake."

Nilicheka, kwa bahati mbaya. Alikereka sana nilipocheka.


Ijumaa, 15 Machi

Mvua kubwa. Intaneti imepotea. Nimekuta waya wa kisanduku cha waifai umechomolewa ukutani. "Kilikuwa kinanipepesea macho," kasema.


Alhamisi, 21 Machi

Miche imetoka. Kila tundu lina majani mawili ya kijani, madogo kama masikio ya panya. Nimeyapiga picha nikamtumia binti, nikamtumia na mume wangu. Binti kajibu kwa furaha. Mume wangu kajibu: "Safi. Na ukuta wa dada umefika wapi?"

Ukuta wa dada umefika gotini. La fundi, si lake.

Kila asubuhi wifi anauliza habari za wagonjwa. Kila asubuhi mimi namuuliza habari za rangi ya kule kwa mwanawe.

"Bado haijakauka," anasema.

"Rangi gani hiyo, wifi? Ya meli?"

Anageukia ukuta, anakunja shuka. Huwa nafurahi siku hiyo nzima.


Jumatano, 27 Machi

Zimekufa.

Jana jioni zilikuwa zimesimama vizuri. Leo asubuhi majani yalikuwa ya njano, kingo zimeungua, na mizizi iliyokuwa myeupe kama uzi imekuwa ya kahawia. Simu ilikuwa inaniambia *Maji yanatosha*, na kweli yalitosha. Nilifungua mfuniko wa tangi. Nilipigwa na harufu ya korido ya hospitali.

Wifi alikuwa jikoni anakunywa chai yangu mbaya.

"Umetia nini kwenye tangi?"

"Klorini." Hata hakuweka kikombe chini. "Maji yalikuwa yameota ukijani pembeni. Maji yamesimama, msimu wa mbu, na mimi nina kidonda. Ulitaka nifanye nini?"

"Yale hayajasimama. Yanazunguka. Ndiyo kazi ya pampu."

"Niliyaona yamesimama."

"Uliyaona pampu ikiwa imepumzika."

"Basi pampu yako mvivu. Kwenye wodi yangu hakuna maji yaliyokaa bila dawa. Umesahau mimi ni nani?"

"Wewe ni mgeni wa wiki mbili."

Niliona imeingia. Aliweka kikombe polepole, katikati ya kisahani, kama mtu anayeweka kifaa cha upasuaji kwenye trei.

"Mimi nilimbeba mumeo mgongoni," akasema. "Mama yetu alipokuwa kazini, mimi nilimlisha, mimi nilimfuta kamasi. Nyumba hii tofali la kwanza nilitoa mimi, muulize. Halafu aje mtu wa chupa za soda aniite mgeni."

"Mtu wa chupa za soda ndiye aliyepaua bati lililo juu ya kichwa chako."

"Linavuja."

"Linavuja upande wako tu."

Tuliendelea hivyo hadi fundi mwashi alipokuja, akatuangalia kupitia mlango, akasema leo atakwenda kwanza kumwona shangazi yake.

Sijui kama alikusudia. Nimekaa nafikiria mchana kutwa. Sehemu moja yangu inasema mkono wa matroni hutia dawa bila kuuliza, kama mkono wangu unavyozima swichi chumba kikiwa kitupu. Sehemu nyingine inasema alijua. Leo naisikiliza hiyo nyingine.


Alhamisi, 28 Machi

Nimempigia mume wangu. Kasema tusimsumbue akiwa kwenye mlima.

Anaendesha katika nchi isiyo na kitu ila milima.


Jumanne, 2 Aprili

Nimeosha tangi, nimeosha mabomba, nimepanda upya. Ukuta umefika kiunoni. Wifi anakaa kwenye kiti karibu na fundi na kumwelekeza kwa mkongojo kama anayeongoza kwaya: hapa dirisha, hapa kitanda, hapa cherehani. Ameshachagua na rangi ya pazia. Zambarau, ili, anasema, ifanane na taa za wagonjwa wangu.

Mvua zikiisha mapema, yeye atashinda. Ukuta ukishafika juu, hakuna mume atakayeubomoa. Letusi hung'olewa kwa vidole viwili. Hilo ndilo linaloniuma. Yeye anajenga kitu kinachobaki, mimi ninajenga kitu kinachohitaji kuangaliwa kila siku, na nikikosa hicho cha kuangalia sijui nitaamka kufanya nini.


Jumamosi, 6 Aprili

Nimetoa king'ora kabatini.

Ni kazi ndogo sana: swichi ya mlango wa friji, chini ya mfuniko wa tangi. Mfuniko ukinyanyuliwa bila mimi kuzima kwanza, umeme unaenda kwenye king'ora. Kiwandani kilisikika hadi kituo cha basi. Kibarazani sijakijaribu, maana kikijaribiwa atajua.

Mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu, nimelala kifudifudi chini ya tangi nikijichekea peke yangu.


Jumapili, 7 Aprili

Hajagusa tangi. Nimesikitika.


Jumanne, 9 Aprili

Bomba la mtaa limekauka tangu asubuhi. Mvua inamwagika nje, bomba ndani kavu; usiniulize, mimi ni fundi umeme.

Nilikuwa jikoni namenya viazi king'ora kilipolia. Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna mwingine: kabla ya kitu chochote nilicheka. Nilicheka na kisu mkononi. Sufuria zilikuwa zinatetemeka kwenye rafu. Halafu chini ya king'ora nikasikia sauti nyingine, fupi, ya mtu aliyekatikiwa na pumzi.

Alikuwa amelala ubavu kwenye saruji iliyolowa, kati ya ukuta wake na mabomba yangu, pale penye njia ya mtu mmoja. Mguu wa kushoto umekunjika chini yake. Ndoo imebiringika mbali. Fundi mwashi kasimama na viganja masikioni, mdomo wazi.

Nilipiga magoti. Nilisema maneno, sijui gani, hakuna aliyeyasikia.

Alinivuta kola hadi sikio langu likafika mdomoni kwake. "Zima kwanza ujinga wako. Halafu urudi."

Ilinibidi nimruke ili nifunge mfuniko. Nilipoinuka, majirani wote walikuwa wamepanga vichwa juu ya ukuta wa uani.

"Usinishike kwapani," akasema. "Nani kakufundisha? Leta ubao. Wewe, fundi, ule ubao wa kusawazishia. Ufute saruji kwanza. Funga juu ya goti na chini ya goti, goti lenyewe usiliguse. Kaza. Si hivyo, hufungi mzigo wa kuni. Hivyo." Uso wake ulikuwa wa majivu, jasho linamtoka puani, na bado alikuwa anatoa amri kama yuko kazini.

Tukiwa tunasubiri gari niliuliza, "Ulikuwa unatia dawa tena?"

"Nilikuwa nachota maji ya zege. Bomba kavu, fundi amekaa, na wewe una tangi zima unanyweshea majani." Akafumba macho. "Nilikuwa nakuibia. Sasa umefurahi?"

Alikuwa na hatia, basi. Nilifikiri hilo lingenisaidia.

Hospitalini aliwauliza manesi nani aliyetandika kile kitanda. Nesi mmoja alijitokeza kama mwanafunzi. Akaambiwa kona za shuka hazikunjwi vile. Aliporudi kuandika jina akauliza, "Mama, tumpigie nani kukitokea jambo? Una mtoto?"

"Andika huyu," wifi akasema, bila kuniangalia. "Huyu wa king'ora."

Nikadhani ni maumivu. Nikatoka koridoni, nikampigia mwanawe mwenyewe. Alipokea mkewe.

"Poleni," akasema. "Lakini mama tumekaa naye miaka miwili, sasa ni zamu yenu. Hapa nafasi hakuna tena."

"Rangi je? Imekauka?"

"Rangi gani?"

Nilikata simu, nikabaki nimesimama kwenye harufu ile ile ya tangi langu.


Jumatano, 10 Aprili

Mume wangu kapiga kwa hasira. "Mnafanya nini huko?"

"Tunaelewana," nikamjibu. "Si ulisema tuelewane."


Jumapili, 14 Aprili

Kamerudi nyumbani, namaanisha karudi. Kalamu yangu bado ina chuki zake.

Daktari kasema goti halikuvunjika lakini ile operesheni yake imeharibika, na kwamba ngazi asahau. Si mwezi huu tu. Asahau. Na kibarazani hufiki bila zile ngazi za jikoni. Daktari hakujua alichosema. Alituona tumemkazia macho wote wawili, akadhani tunamsikiliza sana.

Kwa hiyo nimeshinda. Kibaraza ni changu kuanzia leo, kwa kumvunja mwenye ukuta.

Nimemlaza koridoni, penye godoro la wageni. Ninamuosha, ninamlisha, na anachukia kila kijiko. Mimi sipendi kumuosha. Ana mkono mzito na ulimi mzito zaidi. Akaniambia sabuni yangu ni ya mbwa.

Jioni aliuliza, "Siku hizi huniulizi habari za rangi."

"Nimechoka kuuliza."

Akasukuma kijiko pembeni. "Umempigia mwanangu."

"Nilimpigia."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Basi sikiliza." Sauti yake ilishuka, ikawa ile ya kunong'oneza karibu na kitanda cha mtu. "Ukinionea huruma, ukijaribu tu, nitatambaa kwa tumbo hadi kule chini nitie klorini tangi zima. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, wifi."

"Na chai hii peleka ukaoshee vikombe."


Jumatano, 17 Aprili

Letusi za pili zimefika kiganjani. Sikukaa nazo muda mrefu. Koridoni fundi na wanaokuja kumpa pole wanamruka wakienda chooni, mimi wa kwanza.


Jumamosi, 20 Aprili

Nimefikiri siku tatu na nimefanya kazi siku moja.

Nyumba hii ina chumba kimoja kisicho na ngazi, kilicho karibu na choo, chenye dirisha kubwa: sebule. Sebule ni ya mume wangu. Pale kuna kochi lake la ngozi, televisheni yake, vikombe vyake vya mashindano ya drafti, na kibao kilichoandikwa *Baba Akipumzika Usimsumbue*. Huwa anapumzika pale siku nne kwa mwezi. Siku nyingine zote tunapita mlangoni na kufuta vumbi.

Nilimwambia fundi mwashi atoe kochi.

"Mzee anajua?" akauliza.

"Mzee kasema atakachokikuta, hicho hicho."

Akafikiri. Akanyanyua upande mmoja, mimi mwingine. Kochi tumelishusha kibarazani, kati ya mabomba, televisheni tumeifunika kwa nailoni. Ukuta wa kiunoni kauvunja tofali kwa tofali, na matofali hayo hayo kayajengea mteremko mlango wa mbele, ili kiti cha magurudumu tulichopewa hospitalini kipite. Alikuwa anayaomba radhi, tofali kwa tofali, kwa usumbufu.

Wifi alikuwa anatazama yote kutoka godoroni. Nilipokuja kumchukua akashika fremu ya mlango.

"Huku ni kuniondoa kibarazani."

"Kibarazani ulishaondoka. Nilikuondoa mimi, kwa king'ora. Huku ni kukuweka mahali."

"Kwa sababu unajiona una dhambi."

"Ndiyo. Na kwa sababu koridoni unanizibia njia."

Hilo la pili lilimridhisha zaidi. Akaachia fremu. Ndani alitazama dirisha, dari, pembe zote nne. Akapitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha, akakiangalia kidole.

"Hapa hapana mlango," akasema. "Kuna pazia tu."

"Ni sebule, wifi."

"Kwa mwanangu nililala ukumbini. Kila anayetaka maji ya kunywa ananipita. Wajukuu wananipita, wageni wananipita, kijana wa gesi ananipita. Miaka miwili sikuvua kitambaa kichwani." Alisema kwa ukali, kama ananikaripia mimi. "Nataka mlango. Na komeo liwe la ndani."

Nimekwenda kununua mlango.


Jumapili, 21 Aprili

Mlango umewekwa. Kaufunga, kafunga komeo, kakaa humo hadi mchana. Kisha kapiga kelele kwamba kitasa kimewekwa juu mno.


Ijumaa, 26 Aprili

Nimevuna. Nimempelekea sahani. Katafuna jani la kwanza kwa muda mrefu, ananitazama.

"Halina ladha."

"La pili je?"

"La pili nalo halina." Kala sahani yote, kauliza kama wagonjwa wengine wako tayari kuruhusiwa. Halafu, nilipokuwa natoka, kasema, "Hicho kifaa chako cha chumvichumvi, unakisafisha kwa kitu gani? Kwa kitambaa? Utakiharibu. Niletee spiriti na pamba." Sikumletea. Nikaenda nikakisafisha mwenyewe kwa spiriti na pamba.


Alhamisi, 2 Mei

Hakujanyesha tangu Jumatatu. Mume wangu kapiga: yuko njiani, kesho kutwa. Kauliza nani kashinda. Nikasema njoo uone.

Nilimweleza wifi. "Atanitoa," akasema. "Ni mpole, lakini kochi lile analipenda."

"Mimi ndiye niliyelitoa."

"Wewe atakununia wiki moja. Mimi atanitafutia chumba cha kupanga, kwa upendo mkubwa, mtaa wa mbali." Alikuwa anashona pindo la pazia la zambarau, na kwa mara ya kwanza niliona sindano inamkosa.

Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nikakumbuka klorini. "Pindo limekwenda upande," nikamwambia.

"Kashone wewe mabomba," akajibu, na sindano ikarudi kwenye mstari.


Jumamosi, 4 Mei

Kaja saa tano, jua kali, lori kaliacha barabarani. Kapanda mteremko mpya akiutazama chini ya viatu vyake. Kanipa mfuko wa machungwa, kanisalimia vizuri, kavua viatu, na akaelekea sebuleni kwa miguu ya mtu anayejua aendako. Akagonga paji la uso kwenye mlango.

"Huu nini?"

"Mlango."

"Naona ni mlango. Kochi langu?"

"Kibarazani. Kuna hewa nzuri, na letusi karibu."

Akaenda hadi jikoni, akachungulia kibarazani, akarudi. Uso ulikuwa umeanza kuvimba. "Mama watoto, tulikubaliana nini? Nilisema kibaraza. Kibaraza! Nani kakwambia ugawe sebule?"

"Kibaraza ulikigawa mara mbili. Sebule imegawiwa mara moja tu."

"Dada anastahili mahali pazuri, sikatai. Nimeshaanza kuuliza, kuna chumba kizuri sana kule ng'ambo, karibu na ..."

"Goti lake nililiharibu mimi," nikasema. "Ni langu. Halitoki humu. Ukitaka, litafutie kochi chumba kule ng'ambo."

Sijawahi kumwambia mume wangu maneno ya namna ile. Alinitazama, akatazama mlango, akashika kitasa, akakizungusha. Komeo lilikuwa limefungwa.

"Dada," akaita. "Ni mimi. Fungua tuzungumze."

Nilisikia gurudumu la cherehani likizunguka, likasimama.

"Dada?"

"Mdogo wangu," sauti ikatoka ndani, taratibu, sauti ya zamu ya asubuhi, "chumba cha mtu kinaingiwaje?"

Akanigeukia. Mimi nikawa natazama machungwa.

Alikohoa. Alivuta shati lake chini, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, mtu mzima mwenye mvi na lori.

"Hodi," akasema.

Tukamwacha abishe hodi mara ya pili ndipo tukamkaribisha.